Timazi ya Nabii Amosi

Mtu asimamaye pale Feri asubuhi, akingoja pantoni ya kwenda Kigamboni, husikia habari za mji mzima kabla jua halijawa kali. Mnadani madalali wapaza sauti juu ya mafungu ya samaki, wachukuzi wapita na matenga vichwani, na hao waliotoka Kariakoo alfajiri huwasimulia wale waliovuka kutoka ng'ambo. Ndivyo ilivyokuwa katika siku zilizofuata Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, siku lilipoporomoka jengo la ghorofa nne katika mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Ilikuwa asubuhi, maduka yalikuwa wazi, na watu walikuwamo wakinunua na kuuza. Baadhi ya waliofukiwa waliweza kusema na waokoaji kutoka chini ya kifusi, wakapelekewa maji na glukosi na hewa ya kupumua. Makumi walitolewa wakiwa hai. Waliokufa hawakupungua 29, na wale waliokuwa wamekwisha kupatikana waliagwa Jumatatu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliongoza waombolezaji. Hakuna jimbo katika Tanzania lisilo na mtoto wake Kariakoo. Kwa hiyo msiba ule haukuwa wa Dar es Salaam peke yake.

Katika mazungumzo ya siku zile, pale kizuizini tukingoja pantoni, tulisikia maneno mawili ambayo hatujayasahau. La kwanza lilikuwa hili: kwamba hii ni hukumu ya Mungu juu ya taifa letu, kama walivyotabiri manabii. Kila aliyelisema alikuwa na orodha ya dhambi tayari. Huyu alitaja uzinzi, yule ulevi, wa tatu biashara ifanywayo siku ya ibada, wa nne akawataja wageni. Hatukumsikia hata mmoja aliyetaja dhambi yake mwenyewe. Neno la pili ni lile tulisomalo kila siku katika matangazo ya vifo, yaani kazi ya Mungu haina makosa.

Maneno hayo mawili yaonekana kupingana. La kwanza lamfanya Mungu kuwa hakimu mwenye hasira. La pili lamfanya kuwa baba asiyeulizwa. Lakini ukiyatazama vema, yote mawili yafanya kazi moja: yatuondoa macho ukutani. Mtu akiisha kuyasema hana haja tena ya kuuliza nguzo ile ilikuwa na nondo ngapi, ni nani aliyeruhusu kuchimba chini yake, na ni nani aliyetia sahihi.

Tusieleweke vibaya juu ya neno lile la pili. Mzee wa miaka 90 akifa kitandani pake, amekwisha kupokea sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, wana na wajukuu wakimzunguka, ni haki na ni ibada kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Lakini zege la Mchikichi halikukorogwa na Mungu. Kulisema neno hilo juu ya kifusi ni kumbandika Mwenyezi Mungu kosa la mkono wa mtu, kwa kisingizio cha kumsifu.

Na juu ya neno la kwanza, Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe amekwisha kujibu. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, watu walimletea habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua walipokuwa wakitoa sadaka. Yeye akawaongezea habari nyingine, ya Yerusalemu penyewe, ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Akawauliza kama walidhani hao walikuwa wakosefu kupita wakazi wengine wote wa mji. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Lakini wasipotubu, wao nao wataangamia vivyo hivyo. Injili hiyo ilikuwa somo la Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tarehe 23 Machi 2025, miezi minne na siku chache baada ya msiba wa Kariakoo. Aliyeisikiliza katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo mnara wake huonwa na kila avukaye kwa pantoni, hakuhitaji kuelezwa maana ya mnara kuanguka.

Tuangalie jinsi Bwana wetu alivyolishika jambo lile. Hakusema kwamba hakuna hukumu. Aliiondoa hukumu juu ya waliokufa, akaigeuza iwaelekee walio hai, yaani wale waliokuwa wamesimama mbele yake wakiwa na afya njema na habari mdomoni.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kusoma unabii wote wa hukumu juu ya mataifa. Nabii Yeremia, aliposhuka nyumbani kwa mfinyanzi, aliambiwa kanuni yenyewe: Mungu akinena habari za taifa kwamba ataling'oa na kulivunja, na taifa lile likigeuka likaacha uovu wake, Yeye naye hughairi mabaya aliyokusudia kulitenda. Kwa hiyo unabii wa hukumu si kama taarifa ya hali ya hewa, ambayo husema mvua itanyesha, nawe huna la kufanya ila kutafuta mwavuli. Yona alitangaza kwamba zimebaki siku arobaini tu Ninawi uangamizwe. Siku arobaini zikapita, na Ninawi ukasimama, maana mfalme alishuka kitini pake akavaa gunia na watu wakaacha udhalimu uliokuwa mikononi mwao. Yona alikasirika kwa sababu unabii wake haukutimia. Mungu alifurahi kwa sababu hiyohiyo.

Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake ya mwaka 1943 juu ya masomo ya Biblia, na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, wametufundisha kwamba yatupasa kuuliza kwanza mwandishi mtakatifu alikusudia kusema nini, kwa watu gani, na katika hali gani. Basi na tufanye hivyo kwa Nabii Amosi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetajwa mara nyingi pale kizuizini, na kwa kuwa ndiye, kuliko manabii wote, aliyesema juu ya soko na juu ya nyumba.

Amosi hakuwa kuhani wala mwana wa nabii. Alikuwa mchungaji wa Tekoa, katika Yuda, na mtunza mikuyu. Mungu alimtwaa nyuma ya kondoo akampeleka ng'ambo ya mpaka, katika ufalme wa kaskazini, zamani za mfalme Yeroboamu wa pili, katika karne ya 8 kabla ya kuzaliwa Kristu. Nchi ilikuwa na amani, biashara ilikwenda vizuri, mahali patakatifu pa Beteli palijaa watu na nyimbo, na wakubwa walikuwa na nyumba ya wakati wa baridi na nyumba ya wakati wa joto, nyingine zimepambwa kwa pembe za ndovu. Mtu akiitazama nchi ile kwa nje angesema Mungu yu pamoja nao.

Hotuba yake ya kwanza ilipangwa kwa akili. Alianza na mataifa ya jirani, Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Kila mmoja alitajiwa kosa lake na adhabu yake, kama watu wa Tiro waliouza mateka kabila zima wakalisahau agano la udugu. Twaweza kuwaona wasikilizaji wakitikisa kichwa kwa kukubali, maana hakuna hotuba tamu kama ile ya dhambi za jirani. Kisha akaitaja Yuda, nchi yake mwenyewe, na bila shaka hapo walishangilia zaidi. Halafu, kabla hawajamaliza, akawageukia Israeli, na maneno yaliyokuwa mafupi kwa wengine yakawa marefu kwao. Hakuanza na sanamu. Alianza na maskini auzwaye kwa bei ya jozi ya viatu, na mavazi ya rehani ambayo matajiri waliyatandika wakalala juu yake kando ya madhabahu. Baadaye akawataja wafanya biashara waliokuwa wakihesabu saa za sabato iishe wapate kufungua maduka, wapunguze kipimo, waongeze bei, waichezee mizani, na kuuza makapi pamoja na ngano. Mkulima wetu aliyelazimishwa kujaza gunia la lumbesa, kisha akalipwa bei ya gunia moja, haelezwi Amosi alimaanisha nini.

Ndipo tunapofika sura ya 7, penye maono. Amosi alionyeshwa nzige wakila mimea ya nchi, akamlilia Mungu kwamba Yakobo ni mdogo, hataweza kustahimili. Mungu akaghairi. Akaonyeshwa moto, akalia tena, na Mungu akaghairi tena. Mara ya tatu hakuonyeshwa janga lo lote. Alimwona Bwana amesimama kwenye ukuta, mkononi mwake kitu cha fundi. Akaulizwa aona nini, akajibu: timazi. Bwana akasema kwamba aiweka timazi ile katikati ya watu wake Israeli, wala hatawapita tena. Safari hii Amosi hakulia. Aliweza kuomba dhidi ya nzige na dhidi ya moto, lakini mtu ataombaje dhidi ya uzi ulionyoka?

Kila fundi mwashi anaijua timazi. Ni kipande cha chuma kizito kilichofungwa kwenye uzi. Haina sauti, haina ghadhabu, wala haiangushi ukuta. Huning'inizwa tu kando ya ukuta, na ukuta ukiwa umepinda, waonekana umepinda. Fundi aweza kukasirika, mwenye nyumba aweza kuapa kwamba umenyoka, na aliyetia sahihi aweza kuleta karatasi yenye mhuri, uzi hausogei.

Hapa twataka kuongeza jambo ambalo wasomaji wengi huenda hawajalisikia. Neno la Kiebrania lililomo katika aya hizo ni gumu. Halionekani mahali pengine po pote katika Biblia, na wataalamu hubishana kama ni timazi, au risasi, au madini ya bati. Mtakatifu Yeronimo, alipoifasiri Biblia kwa Kilatini kwenye mwisho wa karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 5, hakuandika timazi. Aliandika mwiko wa mwashi. Kwa tafsiri yake, ambayo Kanisa la Magharibi liliisoma kwa karne nyingi, Bwana amesimama juu ya ukuta ambao umekwisha kupigwa lipu, na mwiko u mkononi mwake. Naye asema kwamba atauweka mwiko chini katikati ya watu wake, wala hatawapiga lipu tena.

Tafsiri ipi ni sahihi zaidi, hilo twawaachia wenye kujua lugha. Lakini tafsiri ya Mtakatifu Yeronimo yatupa fundisho zito mno juu ya hukumu ni nini. Mungu hakuja na nyundo. Alikuja na mwiko, na hukumu yake ni kuuweka chini. Muda wote uliopita alikuwa akiwasitiri watu wake, akiziba nyufa zao kwa huruma, akingoja wautengeneze ukuta kwa ndani. Wao wakaona lipu ni nzuri, wakadhani ukuta ni mzima, wakaongeza ghorofa. Hasira ya Mungu, basi, ni siku ile anapoacha kutufunika na kutuacha na ukuta ule tulioujenga wenyewe.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anazo habari zinazofanana na hizi. Anasema juu ya manabii wa uongo kwamba watu wakijenga ukuta dhaifu, wao huja nyuma yao wakiupaka chokaa, wakisema ni amani, wala hapana amani. Kisha yaja mvua na mawe na dhoruba, ukuta waanguka, na watu wauliza iko wapi chokaa mliyopaka. Tunaposimama juu ya kifusi tukasema kwa haraka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, tuangalie mikono yetu isiwe na chokaa.

Huenda mtu akasema kwamba tumechukua maneno ya mafumbo ya kale tukayafanya ya nondo na saruji, nayo mambo ya ujenzi ni ya wahandisi na serikali, si ya gazeti la Kanisa. Twamjibu kwa sheria ya Musa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri kwamba mtu ajengapo nyumba mpya na aweke ukuta wa kukinga pembezoni mwa dari, asije mtu akaanguka kutoka juu, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Sheria ya ujenzi imewekwa humohumo katika sheria ya Mungu, wala haikuonekana kuwa ni jambo dogo lisilofaa kusemwa na Musa. Damu, asema, itakuwa juu ya nyumba. Hasemi itakuwa juu ya aliyeanguka.

Tangu hapo mambo yako wazi kwa dhamiri ya Mkristu. Aliyepunguza nondo ili apate faida amevunja amri ya saba, na jengo likianguka ameivunja na ya tano. Afisa aliyepokea bahasha akageuza uso hawezi kusema kwamba yeye hakushika koleo. Mwenye nyumba aliyeona kilemba cha fremu moja ya chini chamletea fedha kuliko ghorofa zima la juu, akaamuru wachimbe chini ya nguzo apate fremu zaidi, amechimba pia mahali pengine. Juu ya jengo la Mchikichi ilielezwa kwamba kulikuwa na kazi ya kupanua nafasi ya biashara chini yake. Serikali iliunda tume ya kuyakagua majengo ya Kariakoo, na hukumu ya kila mtu kwa jina lake ni kazi ya mahakama. Sisi twasema habari za dhambi, na dhambi hizi ni za kupelekwa kwenye sakramenti ya Kitubio kama zile nyingine, pamoja na malipizi, maana nondo iliyoibiwa hairudishwi kwa kusali Salamu Maria tatu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilianguka asubuhi, likaua watu 36, watoto wakiwamo. Wakati Wakristu wa mji ule walipokuwa wakijiandaa kwa Njia ya Msalaba, wenzao, Wakristu na Waislamu, walikuwa wakifukua zege kwa mikono. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, huko Bangladesh lilianguka jengo la Rana Plaza, na zaidi ya watu 1,100 wakafa, wengi wao washonaji wa nguo. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki na maduka yaliyokuwamo yalifungwa. Washonaji waliamriwa warudi kazini. Na tarehe 29 Aprili 2016, Huruma, Nairobi, nyumba ya kupangisha ilianguka usiku wa mvua wakafa watu wapatao 50, nayo ilikuwa imekwisha kuorodheshwa kwamba ibomolewe. Katika mambo haya timazi ilikuwa imening'inizwa mapema, na watu waliiona. Kinachotisha ni hicho, kwamba neno la onyo lilikuja kwa wakati wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Amosi. Kuhani wa Beteli, Amazia, alipeleka habari kwa mfalme kwamba mtu huyu afanya fitina, kisha akamwambia Amosi arudi kwao Yuda akale mkate wake huko, kwa kuwa Beteli ni mahali patakatifu pa mfalme. Aya hizo zafuata palepale baada ya timazi. Amazia hakusema kwamba ukuta umenyoka. Alisema tu kwamba hapa si mahali pa kuupima. Kitabu kimeandika kwamba Amosi alinena miaka miwili kabla ya tetemeko la nchi, na wachimbaji wa mambo ya kale huko Hazori wamekuta kuta za wakati ule zilizoinama, wakadhani ni za tetemeko hilo. Ufalme wenyewe ulidumu miongo michache tu, ukamezwa na Waashuru mwaka 722 au 721 kabla ya Kristu.

Lakini twajua swali ambalo wasomaji wetu wamelishika, nalo ni chungu. Ikiwa dhambi ni ya wenye nyumba na wenye mihuri, mbona waliokufa ni wauza maduka, wachukuzi, na mama aliyeingia kununua kitenge? Ikiwa hii ni timazi ya Mungu, mbona yaacha aliyepinda ukuta akiwa nyumbani kwake, na kumwangukia mpita njia? Amosi hajibu swali hilo. Anasema kwa uchungu kwamba nyumba kubwa itapigwa ipasuke, na nyumba ndogo ipate nyufa, wala haelezi kosa la nyumba ndogo. Asiyekubali kunyamaza ni Nabii Habakuki, aliyemwuliza Mungu uso kwa uso kwa nini awatazama watendao hila. Alijibiwa kwamba jiwe lenyewe litapiga kelele kutoka ukutani, na boriti itaitikia kutoka katika miti, na ole wake ajengaye mji kwa damu. Hilo si jibu la swali lake lote, wala hatutajifanya kwamba ni jibu. Latuambia tu kwamba waliofukiwa hawakusahauliwa, na kwamba mbele ya Mungu wao si washtakiwa. Ni mashahidi.

Na mahali penyewe pana jina la mashahidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakusanya Waafrika wengi mno kuwabebea askari mizigo, na kambi yao katika Dar es Salaam ilikuwa pale. Jina la kikosi chao cha wapagazi, katika vinywa vya watu wetu, likageuka kuwa Kariakoo, kama vile Nairobi lilivyogeuka kuwa Kariokor. Makumi elfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na kuhara na homa kuliko kwa risasi, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Kila tusemapo tunakwenda Kariakoo kununua viatu vya watoto wa shule, twawataja bila kujua. Mji ambao umekwisha kujengwa mara moja juu ya migongo ya watu wasiohesabiwa ungepaswa kuwa na woga zaidi kuliko miji mingine.

Enyi wazazi, msidhani maneno haya ni ya wakubwa tu. Mtoto hujifunza nyumbani kama timazi yaheshimiwa au yapindwa. Akimwona baba ajisifu kwa kibali alichokipata kwa njia ya mkato, na mama apunguza kipimo cha mchele kwa kidole gumba, atakapokuwa mhandisi atajua la kufanya bila kufundishwa chuoni. Na ninyi mlio na vijana mafundi, waambieni kwamba fundi aliyekataa kumwaga zege bovu, akafukuzwa kazi, amefanya tendo la imani kubwa kama kufunga Kwaresima nzima. Kisha msimwache alale na njaa kwa sababu hiyo.

Baada ya mnara wa Siloamu, bila hata kupumzika, Bwana wetu alisimulia mfano wa mtini. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu akitafuta matunda asipate, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuuchimbia pande zote na kuutilia samadi. Luka hasemi kama mtini ule ulizaa. Atuacha katikati ya mwaka ule, jembe likiwa mkononi.

Nasi tunaoandika haya hatuko nje ya mwaka huo. Kabla ya Novemba 2024 tulipita katika mtaa mmoja wa Kariakoo, ambao hatutautaja hapa, tukaingia dukani kununua karatasi. Nguzo iliyokuwa nyuma ya mwenye duka ilikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza kidole, na miti miwili ilikuwa imesimamishwa kuishikilia. Tulimwuliza. Akacheka, akasema ndivyo ilivyo siku zote. Tukalipa, tukachukua karatasi zetu, tukaenda Feri kuwahi pantoni. Tulisoma siku nyingi habari za Ezekieli na mlinzi asiyepiga tarumbeta aonapo upanga waja, wala siku ile hatukumkumbuka.

Hivi karibuni tulirudi. Jengo bado limesimama na duka lina wateja wengi. Miti imeondolewa. Nguzo imepigwa lipu safi na kupakwa rangi ya maziwa. Tuliuliza kama mhandisi alikuja kuitazama; mwenye duka, ambaye safari hii hakucheka, akasema kwamba hilo alijuaye ni mwenye nyumba. Tumeandika barua kwa ofisi inayohusika, tukataja mtaa na namba ya nyumba, tukaipeleka kwa mkono na kutiliwa mhuri wa kupokelewa. Jibu bado hatujalipata. Tutakwenda tena Jumatatu.